Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: pampu ya kwanza ya haidrojeni iwe Naivasha

Mheshimiwa Waziri,

Nimeendesha lori kati ya Mombasa na Malaba miaka mingi, kwa hiyo uniwie radhi nikiongea kama dereva.

Septemba 2023 serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme safi, na kazi ya kutengeneza mbolea kwa gesi hiyo ikatangulizwa. Hapo sina ugomvi. Ila zamu ya magari yanayotumia gesi hiyo badala ya mafuta ikifika, tafadhali msianze na yale madogo ya wakubwa wa Nairobi.

California walianza hivyo. Mwaka 2018 Gavana Jerry Brown aliagiza vituo 200 vya haidrojeni kufikia 2025; hata nusu havikufika. Februari 2024 Shell ikafunga vituo vyake vya magari madogo huko, na kilo moja ilikuwa imepanda hadi kama dola 36. Toyota Mirai, gari dogo la haidrojeni, hujaa kwa kilo 5.6. Piga hesabu kwa shilingi, ukae chini kwanza.

Pampu hii si tangi la kuzika ardhini. Kwa gari dogo gesi hushindiliwa hadi baa 700, yaani kama mara 700 ya kani ya hewa ya kawaida, na kupozwa karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, na mitambo hiyo inakula pesa hata siku ambayo hakuja mteja. Uswisi walilijua hilo. Kuanzia 2020 walileta malori ya haidrojeni ya Hyundai yenye safari zinazojulikana, ya baa 350 tu, na kila kituo kikawa na wateja wake.

Sasa tazama Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini karibu na Naivasha. Usiku nchi ikilala, mvuke unaachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi wa umeme. Umeme huo ungetengeneza haidrojeni: kilo moja hutaka kama yuniti 55. Na hapo jirani, kwenye bandari kavu ya Naivasha, reli inashusha makontena, malori yanayabeba hadi Malaba na kurudi palepale. Mteja gani mwingine mnamtafuta?

Pampu ya pili iwe Eldoret. Malori yale ya Uswisi huenda kama kilomita 400 kwa tangi, na mlima wa Timboroa tunaujua sisi.

Mkiita wadau, muwaite madereva na mataniboi pia. Sisi dizeli ikivuja tunainusa. Haidrojeni haina harufu, na moto wake mchana hauonekani kwa macho.

Wako,
Dereva mstaafu, Mariakani