Kinyama kilichokatwa kisitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu uvimbe unaoota kwenye nyama za mwili.

Shangazi yangu, mkulima wa viazi huku Isongole, aliota uvimbe pajani. Haukuuma, akaendelea kupalilia. Kwenye kituo kimoja cha afya aliambiwa ni mafuta tu. Wakaukata, na kile kinyama kikatupwa. Baada ya miezi ukarudi, mkubwa zaidi. Safari hii daktari alichukua kipande kwa sindano, kikapimwa kwa hadubini. Ilikuwa saratani, na chanzo chake si paja, ni figo.

Ni kweli uvimbe mwingi wa namna hii hauna madhara, na saratani kusambaa hadi kwenye misuli si jambo la kila siku. Lakini saratani ya mapafu, figo au utumbo mpana inaweza kujitokeza kwanza hivyo, mgonjwa hana habari. Kwa macho na vidole huwezi kuitofautisha na iliyoanzia palepale pajani, na matibabu yake ni tofauti.

Uvimbe uliozidi sentimita 5, ulio ndani sana au unaokua haraka, usikatwe kabla ya picha ya ndani ya mwili na kipimo cha kipande. Na kinachokatwa kiwekwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kipelekwe maabara ya patholojia, wanakochunguza vipande vya mwili kutafuta ugonjwa. Najua nauli ya kwenda Mbeya mjini inatushinda wengi. Basi serikali igharamie kusafirisha sampuli, mgonjwa asubiri nyumbani.

Shangazi yuko kwenye matibabu. Ile miezi iliyopotea ndiyo inayoniuma.

Msomaji wako,
Rungwe, Mbeya