Pampu ya kunyonya oili haiui injini, tuulizane oili chafu inakwenda wapi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako na mie nitoe langu, maana hizi pampu za kunyonya oili ya gari zimekuwa ndo mazungumzo kwenye kila baraza na mengi yanayosemwa hayana kichwa wala miguu. Mara inaua injini, mara oili haitoki yote, mara ni mambo ya watu wabahili wasotaka fundi apate riziki yake. Mie nnayo, naitumia kwenye Toyota IST yangu hapa hapa Fuoni na injini inazunguka vizuri tu alhamdulillahi.

Kwa asoijua, ni tangi la plastiki lina pampu ya mkono juu na mpira mwembamba. Unachomoa stiki ya kupimia oili, unapitisha mpira kwenye tundu lile lile mpaka uhisi umegota chini kabisa ndani ya sampu, yaani lile bakuli la chini ya injini linalokaa oili, halafu unapiga pampu, hewa ya ndani ya tangi inapungua na oili inapanda yenyewe kama mtu anavyofyonza dafu kwa mrija. Ila oili iwe ya vuguvugu. Washa gari dakika tano hadi kumi, zima, iwache ishuke chini kidogo, ndo unyonye. Ikiwa baridi inakuwa nzito, utapiga pampu mpaka mkono ufe ganzi, na gari ilotoka safari ya Mkokotoni saa ile ile nayo usiiguse, oili inakaribia joto la maji ya kuchemka, itakuunguza na mpira utalegea. Mwisho ukiisikia inavuta hewa usikimbilie kuchomoa, upandishe ushushe mpira pole pole, utaona bado inakuja.

Sasa hili la kwamba haitoki yote. Yakhe, kwani ukifungua nati ya chini ya sampu, ile ya kumwagia oili, inatoka yote? Kuna inayobaki kwenye njia za ndani ya injini, kuna inayobaki kwenye filta, kuna inayoganda kwenye kuta, hakuna anayeitoa mpaka tone la mwisho. Wanaosema huu ni uzushi wa juzi wakaulize mafundi wa boti zile zenye injini ndani, huna pa kuingia chini pale, oili inanyonywa kwa juu na chombo kinakwenda baharini na roho za watu. Na kile kigari Smart cha mwanzo kilichoanza kuuzwa Ulaya 1998 hakikuwekwa kabisa nati ya kumwagia oili, kunyonya ndo njia yake.

Usiamini maneno yangu, pima. Tangi lina alama za lita. IST yenye injini ya 1NZ inakula lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta, bila filta 3.4, kwa hiyo kwanza tazama stiki, kama oili iko kwenye alama ya juu na ukanyonya ukapata kama lita tatu na robo hivi au zaidi, kimebaki kidogo sana, lakini ukipata lita mbili ujue mpira haujafika chini. Hapo nawapa haki mafundi, zipo gari njia ya stiki imepinda au ndani ya sampu kuna bati linauzuwia mpira, hizo hazifai na huna haja ya kushindana nazo. Anayetaka kumaliza ubishi siku ya kwanza anyonye, kisha ampelekee fundi aifungue nati ile ile siku hiyo waone wote kimetoka kiasi gani, ndo ajue gari yake inakubali au haikubali.

Jengine ambalo hawalisemi ni hiyo nati yenyewe. Sampu za gari nyingi za siku hizi ni aluminiamu, laini, na vijana wetu wanakaza nati kwa nguvu zao zote wakisaidiwa na kipande cha bomba juu ya spana, washa, kile kipete cha kuzuia kuvuja, ile ile ya zamani inarudishwa imeshabonyea, baada ya muda meno yanaliwa, oili inaanza kuvuja tone tone, halafu unaambiwa sampu mpya. Mie gereji moja, sitoitaja, walinirudishia gari nati imefungwa na utepe mweupe wa bomba la maji, wallahi. Toka hapo ndo nkaanza kuitafuta pampu.

Na niseme jambo ambalo wanaume pengine hawalifikirii. Mie ni mwanamke, uwanja wangu uko wazi, watu wanapita kwenda msikitini na dukani, siwezi kujilaza chini ya gari mchana kweupe. Na hata anayeweza, wengi wetu nyumba zetu ziko kwenye mchanga, jeki inazama, na gari ilobebwa na jeki peke yake haingiwi chini abadan, hata sekunde, hata na bingwa. Iwekwe stendi, na jeki iwekewe ubao mpana chini yake. Kwa pampu unasimama mbele ya boneti na nguo zako safi.

Filta ndo inabaki kuwa tatizo, sitoficha. Gari nyengine, hasa za Kijerumani, filta iko juu unaifungua kama kopo, lakini Toyota nyingi tulizonazo inafikiwa kutoka chini. Kwa hiyo pampu inakupunguzia kazi, haiimalizi, na filta mie naipeleka kwa fundi na namlipa. Na pale pale anaangalia chini kama kuna panapovuja, anafungua na nati mara moja moja kutazama kama kuna vumbi la chuma, hilo kwa pampu hulioni. Riziki yake ipo, asiwe na wasiwasi.

Lakini Mhariri, haya yote si ndo yalonifanya niandike. Kinachonikera ni kwamba tunagombana oili inatokea juu au chini, hakuna anayeuliza ikishatoka inakwenda wapi. Piteni gereji za pembezoni mwa barabara muone ardhi ilivyo, nyeusi, ngumu kama lami, hata jani halioti. Mvua za masika zikija ile rangi ya upinde wa mvua inaelea kwenye madimbwi mpaka kwenye mitaro, na watoto wanacheza humo humo. Na nyumba ya pili kuna kisima!

Unguja ni kisiwa cha jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu, kinachomwagwa juu kinapita. Hatuna mto mkubwa wa kukimbilia. Sultan Barghash, alotawala 1870 hadi 1888, alipowaletea watu wa mji maji safi ya bomba aliyatoa kwenye chemchem, na mpaka leo tunakunywa ya chemchem na visima, yaani yale yale ya chini ya miguu yetu. Oili ilokwishatumika si ile ilotoka dukani, ina vumbi la chuma na masizi ya mafuta yaloungua, haiozi kwa haraka, na kidogo tu kinaharibu maji mengi sana. Anayeimwaga nyuma ya choo chake kwa sababu hakuna mtu anayemuona anajimwagia mwenyewe.

Najua nitaambiwa oili chafu ina kazi zake. Ni kweli, wanapaka nguzo kwa ajili ya mchwa, wanapaka mbao za zege na vibao vya kufyatulia matofali yasigande. Mie mwenyewe mafundi ujenzi wamenigongea mlango kuniomba. Lakini hizo ni lita ngapi ukilinganisha na madaladala, mateksi, na gari za watalii zinazokwenda Nungwi na Paje kila siku? Na hao wanaopaka wanapaka kwa mikono mitupu, oili hiyo ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi ikigusa mwili mara kwa mara, angalau wavae glavu, na nguzo iliyo karibu na kisima isipakwe.

Hapa ndo pampu naipendea zaidi. Oili inaingia kwenye tangi, haimwagiki hata tone, na kutoka kwenye tangi naihamishia kwenye galoni lile lile la lita nne nilonunulia oili mpya, nafunga kizibo. Safi kabisa. Sasa galoni limejaa, nampelekea nani? Sheli niloulizia walinitazama kama nimewaletea maiti. Kwa hiyo magaloni yamepangana kwenye banda la kuku na kuku nimewahamisha.

Naomba kupitia gazeti lako Baraza la Manispaa Magharibi B, na wenzao wa Mjini na Magharibi A, na ZEMA wenye dhamana ya mazingira, waweke pipa moja tu lenye mfuniko kwenye kila kituo cha mafuta, na siku maalumu ya gari kupita kukusanya. Oili chafu inasafishwa ikarudi kuwa oili, na nchi za wenzetu inachomwa kwenye matanuri ya viwanda vya saruji, si takataka isiyo na mwenyewe. Na tusiambiwe Wazanzibari hawatokubali, mifuko ya plastiki sie tuliiacha kabla hata Bara hawajaipiga marufuku 2019. Gereji nazo ziwekewe sharti, asiye na pipa asipewe leseni, na masheha wawe na nguvu ya kukagua, siyo kuja kunywa soda na kuondoka.

Na waandishi wako wakipata wasaa wawaulize wahusika, kama pipa hilo lishawekwa pahala na sie hatujatangaziwa, watutajie liko wapi, mie nitakuja na magaloni yangu kesho yake.

Msomaji wako,
Fuoni, Unguja