Dhamiri yako imenyamaza, lakini haijakuachia huru

Mdogo wangu mpendwa,

Uliniuliza, "Mbona dhamiri yangu hainishitaki?" kisha ukageuza mazungumzo. Jambo lenyewe sitalitaja hapa, unalijua. Swali lako ndilo nalijibu hadharani, kwa sababu wengi tunalitembeza kama hati ya kutuachia huru.

Mwangalie Daudi. Ndani ya pango kule En-gedi alikata upindo wa vazi la mfalme Sauli. Kipande cha nguo tu, tena nguo ya mtu aliyekuwa akimwinda amuue, na bado moyo ulimchoma. Baadaye, akiwa mfalme, Daudi huyohuyo alilala na mke wa Uria, askari wake, akaandika barua ya kumpeleka Uria kifoni, na barua hiyo akampa Uria mwenyewe aibebe. Uria alipokwisha kufa, Daudi alimtumia jemadari wake Yoabu ujumbe kwamba asilione neno hilo kuwa baya, maana upanga hula huyu na huyu. Isikilize sauti hiyo ilivyotulia! Mjane akaletwa nyumbani kwa mfalme, mtoto akazaliwa, na hadi hapo Kitabu cha Samweli hakitaji chozi hata moja la toba.

Kinachonitisha zaidi ni siku nabii Nathani alipokuja na habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi aliwaka hasira. Akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, na kwamba atalipa mara nne. Unaona? Dhamiri yake ilikuwa macho kabisa, ila kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo ukali wako dhidi ya maovu ya wengine, ambao naujua na hata naupenda, hauthibitishi lolote kuhusu jambo hili lako.

Paulo naye aliwatesa waamini akidhani ndivyo impasavyo. Huyu ndiye aliyewaandikia Warumi kwamba hata watu wa mataifa wana sheria iliyoandikwa mioyoni, dhamiri yao ikiwashuhudia. Lakini kwa Wakorintho alisema haoni kosa lolote juu ya nafsi yake, na bado hilo halimhesabii haki; anayemhukumu ni Bwana. Na kwa Timotheo akataja watu ambao dhamiri zao zimechomwa moto. Ngozi iliyoungua ikabaki kovu, hata ukiifinya haisikii.

Sisemi pia kwamba kila hatia unayoisikia inatoka kwa Mungu. Wapo wanaoteseka kwa mambo yasiyo dhambi kabisa. Hilo tuliache, silo lako.

Nadhani unaogopa kwamba dhamiri ikiamka haitalala tena. Daudi aliposema, "Nimemfanyia Bwana dhambi," Nathani alimjibu palepale kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Matokeo yalibaki, tena machungu, lakini msamaha haukucheleweshwa. Yohana naye anasema kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu.

Nakuomba kitu kimoja. Mtafute mtu asiyekuogopa na asiyetaka chochote kwako, mchungaji wako au mwingine, umweleze habari yote, hasa kile kipande ambacho hukiruka kila unaposimulia. Si lazima niwe mimi. Kama baada ya hapo moyo bado utakuwa kimya, nipigie, hata usiku.

Kaka yako