Shukrani kwa Bibi wa Shimonoseki

Napenda kumshukuru kwa dhati bibi mmoja, ambaye sikubahatika kulijua jina lake, aliyenikuta katika kituo cha basi mjini Shimonoseki, Japani, nikigeuzageuza ramani iliyolowa mvua, akanifunika kwa mwavuli wake na kunisindikiza hadi ufukweni Dan-no-ura, ambako ukoo wa Taira ulishindwa na ukoo wa Minamoto katika vita vya baharini mwaka 1185. Alinionyesha mkondo wa bahari unaokwenda kasi kama mto, kisha tukaenda Akama Jingu, hekalu la Antoku, kaizari mtoto aliyezama katika vita hivyo mikononi mwa bibi yake. Kijapani sikijui, hadithi ya kaa wenye nyuso za samurai waliozama alinieleza kwa kukunja uso na kutambaza vidole. Ahsante sana, bibi. Mwavuli ulioniachia ninao hadi leo.