Ziara za wanafunzi pwani zifuate maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wanaosimamia klabu za mazingira, na wazazi wenzangu wa hapa Tanga.

Mwanangu yuko darasa la sita na ni mwanachama wa klabu ya mazingira shuleni kwao. Klabu ilipanga ziara ya siku moja kwenda kuona mikoko. Tulichanga nauli na chakula, nami nikajitolea kusindikiza. Tulifika saa nne na nusu asubuhi, kila mtoto na daftari lake. Bahari ilikuwa imejaa. Mizizi yote imefunikwa, yanaonekana majani tu. Watoto wakapangwa mstari juu ya tuta, wakasomewa maelezo kutoka kwenye karatasi, tukala wali, tukapiga picha, tukarudi. Usiku nilifungua daftari la mwanangu nikakuta sentensi moja: "Mikoko ni miti inayoota majini."

Mwalimu alijitahidi, na siku aliichagua kwa sababu basi lilipatikana siku hiyo. Lakini tulipokuwa tunapanda basi kurudi, bibi mmoja wa mtaa ule, ambaye maisha yake yote ameokota tondo, wale konokono wa matopeni, kwenye mikoko hiyo, alituuliza: "Mbona watoto mmewaleta maji mafu?" Niliona haya. Mimi ni mtoto wa pwani, na sikuwa nimeutazama mwezi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvu: hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu siku za bamvu maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, muda ambao wanafunzi wako macho na jua halijafika utosini. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa hiyohiyo bahari imejaa. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Wavuvi na wanawake wa pwani wanalijua hili bila kuandikiwa, na shule zetu zinapakana nao ukuta kwa ukuta.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa bamvu. Basi hatukuwa nalo, tukaenda kwa daladala na watoto 18 ambao wazazi wao walikubali. Bibi alikuwa anatusubiri. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akawaamuru wavue viatu. Matope yalifika kwenye muundi. Chini ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, kulikuwa na vijiti vilivyosimama wima kutoka ardhini, mamia kwa mamia, na mtoto mmoja akauliza nani kaipanda miche ile. Bibi akacheka. "Hizo pua zake, mjukuu wangu." Akamwambia achimbe kidogo anuse; tope jeusi, lenye harufu ya yai viza. Hewa humo haimo, ndiyo maana mzizi wa mchu hupanda juu kuitafuta. Kisha akaokota mbegu ya mkoko, ya kijani, ndefu kama mkono wa mtoto kuanzia kiwiko, akawaonyesha kwamba imechipua ingali mtini, na ikidondoka huweza kujichoma kwenye tope ikaota palepale. Vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa vilikuwa vikipunga mbele ya mashimo yao. Mwanangu alichuchumaa hapo muda mrefu. Safari hii alijaza kurasa nne, mbili hazisomeki kwa matope, na nimezihifadhi.

Jambo jingine alilolisema bibi nataka lifike kwa wanaopanda miti. Kati ya aina za mikoko, mlilana husimama mbele kabisa kukabili bahari, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa huelekea nchi kavu. Nimewahi kushuhudia miche ya mkoko ikipandwa kwa shangwe mahali pa mlilana, na baada ya muda mfupi mawimbi yameing'oa yote. Mtoto aliyetembea kutoka majini hadi nchi kavu akitaja kila mti kwa jina hatafanya kosa hilo. Watoto wetu wanajivunia samaki aitwaye silikanti, na ni haki yao, kwani tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009. Lakini samaki huyo anaishi kilindini na hawatamwona. Mchu wanaweza kuushika.

Basi walimu, ulizeni maji kabla ya kuuliza basi. Toeni taarifa ofisi ya misitu na serikali ya mtaa, kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi. Watoto watoke matopeni mara maji yanapogeuka, maana kwenye vijito hurudi haraka. Na anayewaongoza alipwe. Sisi tulimchangia bibi, naye akatuambia ni mara ya kwanza kupewa fedha kwa kusema anayoyajua.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Mwezi wa Ramadhani hutuchapishia saa za kufuturu. Naomba mwaka mzima utuwekee, hata kwenye kona ndogo, saa za maji kujaa na kupwa hapa Tanga.

Mzazi,
Tanga