Shangazi, kinga yako haikulala

Shangazi, shikamoo.

Tangu usomewe picha ya kifua ukaambiwa pafu la kulia lina tundu, umekuwa ukirudia jambo lile lile: "Kinga yangu imekwisha." Nakujibu hadharani kwa sababu wagonjwa wengi wa kifua kikuu wanajilaumu hivyo hivyo, na wapo wanaouziwa chupa za "kuongeza kinga" kwa sababu ya hofu hiyo.

Kinga yako haikwisha. Ilipigana kwa nguvu sana, ila ilifika mahali ikapoteza mpangilio, na sehemu kubwa ya maumivu yako imetoka hapo.

Bakteria wa kifua kikuu (TB), ambao Robert Koch aliwatangaza mwaka 1882, huingia kwa hewa hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Huko humezwa na makrofeji, chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuvimeng'enya. Bakteria wa TB hawameng'enywi kirahisi. Humezwa na bado huishi humo humo ndani. Hupita wiki kadhaa kabla seli T, chembe nyeupe zinazoongoza mapambano ya kinga, hazijafika. Zikishafika hutoa intafeoni gama, kemikali inayozipa makrofeji nguvu ya kuua zilichokimeza, na kwa msaada wa nyingine iitwayo TNF, chembe za kinga hujikusanya na kuwazingira bakteria. Mkusanyiko huo ndio granuloma. Kwa watu wengi mambo huishia hapo: karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa, na kati ya kila 100 ni 5 hadi 10 tu wanaougua maishani mwao. Umuhimu wa TNF ulidhihirika pale wagonjwa wa baridi yabisi walipoanza kupewa dawa za kuizuia. Kufikia mwaka 2001 madaktari walikuwa wakiripoti TB iliyojificha ikiibuka upya miongoni mwao.

Sasa lile tundu. Ugonjwa unaposhinda, katikati ya granuloma hufa, hulainika, kisha huyeyuka na kupasukia kwenye njia ya hewa. Bakteria peke yao hawachimbi shimo hilo. Chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili humiminika kwa wingi, zikimwaga vimeng'enya vyake hapo hapo, na chembe nyingine nazo hutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni zinazoshikilia pafu. Ushahidi upo kwa watu wenye VVU ambao seli zao za CD4, aina ya seli T ambayo VVU huishambulia, zimeshuka sana. Mara nyingi mapafu yao hayana matundu, ingawa bakteria wamesambaa mwili mzima. Shangazi, hili ningependa ulishike kuliko yote: mwili usio na kinga kwa kawaida hauchimbi tundu la namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba ndani ya tundu kuna hewa ya kutosha na askari wachache wanaofika, basi bakteria huzaliana humo na kutoka na makohozi.

Hata damu hubadilika kadiri ugonjwa unavyozidi. Nyutrofili hupanda, limfosaiti (kundi la chembe nyeupe lenye seli T) hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa TB ina alama za jeni zinazochochewa na intafeoni, hasa ndani ya nyutrofili; alama hizo zilikuwa kali zaidi pale picha ya kifua ilipoonyesha madhara makubwa, na zilififia kwa matibabu. Nyingi ya alama hizo ni za intafeoni za aina ya kwanza, zile za kupambana na virusi, ambazo katika TB zinaweza kuivuruga kazi njema ya intafeoni gama. Seli T nazo huchoka. Ndiyo maana mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuchomwa kipimo cha ngozi cha TB, ambacho kwa kawaida huvimbisha mkono wa aliyeambukizwa, na mkono usivimbe kabisa.

Homa za jioni, jasho la usiku, kukosa hamu ya kula, kukonda: hizo nazo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kemikali za kinga yako mwenyewe. Hata upungufu wa damu, kwa kuwa mwili unaopambana hivyo huficha madini ya chuma.

Ndiyo maana neno "kuongeza" linanitia wasiwasi. Kuna wakati madaktari hufanya kinyume chake: kwenye TB ya utando wa ubongo hutoa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ili kuipoza kinga, na jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2004 lilionyesha kuwa hupunguza vifo. Na mtu mwenye VVU akianza ARV huku ana TB, kinga ikirudi kwa kasi anaweza kuvimba tezi na kupandwa na homa upya.

Kinachoituliza kinga yako ni kuwaondoa bakteria. Kazi hiyo inafanywa na vidonge vyako: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, kama ulivyopangiwa. Uzito utarudi taratibu. Kovu linaweza kubaki, na pumzi ikawa fupi kidogo kuliko zamani; sitakuficha hilo.

Ile chupa uliyoletewa, usiifungue kwanza. Ipeleke kliniki waisome, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa zako, hubadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa nyingi, na ini lako tayari lina kazi ya kutosha.