Mwanangu, hayo mabuti sio saizi yako

Mwanangu, hujambo. Hiyo picha ya miguu yako uliyonitumia jana usiku nimeifungua sijui mara ngapi, nimeikuza mpaka nikahesabu vidole. Ngozi imekua nyeupe, imekunjamana, na nyuma ya kisigino pamechubuka. Alafu chini umeandika "nimeshazoea baba". Hilo neno ndo limeninyima usingizi kuliko hata miguu yenyewe, kwasababu kesho kutwa kazi yenu ya kupima ardhi inahamia huko bondeni ambako maji ni zaidi na wewe unaniambia umezoea.

Umezoea nini mama? Mguu hauzoei maji. Ukikaa umelowa masaa mengi mishipa ya damu inajibana, damu haifiki vizuri kwenye vidole, kwanza unasikia ganzi na kuwashwa, alafu unavimba, na ukiendelea nyama yenyewe inaanza kufa. Kwenye vita ya kwanza ya dunia, ile baridi ya 1914 kuingia 1915, askari wa Uingereza zaidi ya 20,000 waliumwa ugonjwa huo kwa kusimama tu kwenye mahandaki yenye maji. Na usifikiri mpaka kuwe na barafu, hata nyuzi 15 inatosha kama mguu haukauki, inaweza kuanza hata kabla siku haijaisha. Unajua walipunguzaje? Soksi kavu, na askari wakapangwa wawili wawili kila mmoja anamkagua mwenzake miguu. Basi na wewe tafuta mwenzako hapo saiti mkaguane, hakuna aibu.

Soksi. Beba pea tatu, moja mguuni, mbili kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na saa ya mapumziko unavua, unafuta mpaka katikati ya vidole, unavaa kavu. Hata kama wenzako wanakucheka badilisha. Hata kama mvua haijanyesha badilisha, maana mguu wenyewe unatoa jasho, ndo maana kwenye gambuti unalowa bila hata tone la nje kuingia. Na hizo za pamba ulizojaza begi ziache za kulalia, pamba ikinyonya maji inakaa nayo na kushikana na ngozi. Tafuta za sufu, sio pamba sufi, nasema manyoya ya kondoo, zinabeba unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla hujajisikia umelowa. Zikichanganywa na nailoni zinadumu zaidi.

Sasa hili la saizi. Umesema walikupa 42 kwasababu ndo zilizokuwepo stoo. Wewe unavaa 39! Hiyo ni tofauti ya sentimita 2 mwanangu, mguu unaogelea humo ndani, unateleza mbele ukishuka, kisigino kinapanda na kushuka mpaka kinatoa lengelenge, na lile tuta la ndani linalotakiwa likae chini ya upinde wa wayo wako limekaa pengine kabisa. Buti inatakiwa ikunjike pale vidole vyako vinapokunjika. Kuvaa soksi mbili hakuifanyi buti iwe saizi yako. Mwambie msimamizi. Mwambie kesho asubuhi kabla hamjapanda gari, kwa heshima lakini useme, buti ni kifaa cha kujikinga na kifaa kisichomkaa mtu hakimkingi. Ukipewa nyingine angalia alama ya S3, ina chuma au plastiki ngumu ya vidole, soli haitobolewi na misumari, na ngozi ya juu inazuia maji kwa muda. Kwa muda nimesema, sio ya kusimama ndani ya maji mchana kutwa, kwa hiyo kazi wakupe gambuti za usalama.

Najua kwanini hukusema. Nani alikufundisha kwamba kiatu kikibana kaza moyo kitatanuka? Najua ni nani. Nilikua najivunia ukienda na kurudi bila kulalamika, na mpaka leo nikiwaambia watu kwamba binti yangu anafanya kazi ya kupima ardhi kifua kinajaa. Ila kuvumilia mguu uliolowa sikumaanisha. Au nilimaanisha, sikumbuki vizuri.

Kujaribu buti ni jioni, miguu ikiwa imeshavimba na shughuli za siku, ukiwa na soksi zako za kazi. Simama, nafasi ya dole gumba mbele, kisigino kisinyanyuke. Kamba vuta sana pale kwenye kifundo, mbele legeza kidogo.

Na nimeona kwenye kona ya picha buti imelala karibu na moto. Usifanye hivo tena! Ngozi inapasuka na gundi ya soli inaachia. Toa ile soli ya ndani ikauke peke yake, fungua kamba zote, jaza magazeti, yakilowa badilisha. Na miguu yenyewe usiiweke motoni ikiwa na ganzi, utaungua bila kujua. Ukiweza kupata pea mbili uwe unabadilishana siku kwa siku ndo vizuri zaidi, buti haikauki ndani kwa usiku mmoja.

Ukiona kati ya vidole panabanduka na kuwasha hiyo ni fangasi, paka dawa na usiache siku ile muwasho ukiisha, endelea kama walivyoandika. Na kandambili usiazime mtu. Mama yako alisumbuka na miguu yake muda mrefu akidhani ni sabuni, akabadilisha sabuni kila aina, na mimi nilikua narudi kazini navaa kandambili zake. Nilikua najua. Sasa hivi amepona, usimuulize.

Mdogo wako amehamia kwenye kitanda chako, anasema ni kwa muda. Bati la jikoni bado linavuja pale pale, nimeweka ndoo. Mlango wa chumba chako umevimba na unyevu haufungi, nitaupiga randa jumamosi nikipata mtu wa kunishikia. Magazeti nimekuwekea mengi.

Leo jioni simama juu ya karatasi, chora miguu yote miwili, ule ulio mrefu zaidi upime kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole kirefu, unitumie sentimita. Na umeshabadilisha soksi?

Baba yako